Kwanza Vua Viatu

Muuza magari ya kulalia wa hapa Port Augusta, kusini mwa Australia, hakupi ufunguo kabla hujajilaza ndani. "Injini utaisikia baadaye," husema. "Kwanza vua viatu." Namwoshea magari tangu mwaka aliofiwa na mkewe, na kila siku namwona akipima wateja kwa macho, akipigapiga godoro kwa kiganja kilichopasukapasuka, kisha anafunga mlango na kusubiri nje akimenya chungwa. Wanaotoka upesi huwapeleka kwenye gari refu zaidi.

Jumanne walikuja Merv na mkewe Noeline, wastaafu wanaotaka kwenda mpaka Darwin, kaskazini kabisa mwa nchi. Merv akagoma kulala mchana kweupe mbele za watu.

"Basi nikuonyeshe, mzee mwenzangu," akasema muuzaji, akapanda mwenyewe. Akajilaza pembeni kabisa, bega limegusa bati la ubavu wa gari, nusu ya godoro ikabaki tupu.

"Sogea katikati, bwana," Noeline akamwambia. "Si uko peke yako humo?"

Muuzaji akaitazama ile nafasi, akanyoosha shuka taratibu. "Huku analala yeye," akasema.

Merv akainama, akaanza kulegeza kamba za viatu.