Hatua Saba za Kung'oa Mlango

Kila aliyewahi kupanga Kilakala, mjini Morogoro, miaka ya karibuni alimjua Thobias Mloka, na wengine walimjua zaidi kwa mgongo, maana walimwona akiondoka na mlango wao begani.

Alikuwa seremala kutoka Mlali. Bi Shakila, mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam, alimpa kazi ya kusimamia nyumba zake tatu, na pamoja na kazi akampa chumba cha getini akae bure. Mpangaji akitakiwa kuhama naye akakaidi, Thobias hakugombana naye. Hakutukana, wala hakumwaga vyombo vya watu nje kama wasimamizi wengine wasio na haya. Alifungua bawaba, akaubeba mlango, akaenda kuuegesha nyuma ya chumba chake. Nani atalala kwenye chumba kisicho na mlango? Siku ya pili, au ya tatu kwa wabishi, chumba kilikuwa kitupu, naye aliurudisha mlango bila mkwaruzo hata mmoja. Tusimwonee: alijihesabu mtu mpole, na ukimlinganisha na wenzake, alikuwa mpole kweli.

Basi ofisi ya kata ikawaita wasimamizi wa nyumba na madalali kwenye semina ya siku tatu, wafundishwe jinsi sheria za upangaji zilivyobadilika. Thobias alikwenda kwa sababu Bi Shakila alimtaka aende, na kwa sababu alisikia kuna wali wa mchana. Mwalimu wao alikuwa Jesca, wakili kijana aliyempa shikamoo kila mtu mzima mle ukumbini kabla ya kuanza, jambo lililofanya iwe vigumu kumchukia.

Siku mbili za mwanzo zilikwenda kwenye mikataba na stakabadhi. Hiki kimebadilika, hiki kimeongezwa, hiki kimefutwa. Rogers, dalali mmoja mwenye mdomo, akashindwa kuvumilia. "Dada yangu, hizi sheria zinabadilika kuliko hali ya hewa ya huko mlimani. Sisi tutazishika saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko, na Jesca naye akacheka.

Siku ya tatu aliwagawia karatasi. "Naomba kila mtu aandike, hatua kwa hatua, alivyofanya mara ya mwisho alipomtoa mpangaji."

Wengi waliandika mistari miwili mitatu ya uongo na kukunja karatasi zao. Thobias aliulizwa swali la kazi, akalijibu kifundi. Aliandika hatua saba kwa mwandiko wa kutulia, na alipoombwa asome alisimama, akasafisha koo.

"Moja, weka kabari chini ya mlango, uzito usivute bawaba. Mbili, kwangua rangi iliyoziba vichwa vya skrubu. Tatu, anza na bawaba ya chini, ya juu iwe ya mwisho, mlango usije ukakuangukia."

Akaendelea hivyo mpaka ya saba, inayohusu kuhifadhi skrubu kwenye kopo lenye mfuniko. Ukumbi ulikuwa unacheka, lakini kicheko cha heshima, na Rogers alipiga makofi kabisa. Jesca alingoja wanyamaze.

"Ahsante, baba. Hiyo ni kazi safi. Sasa nisaidie kidogo: yule mtu aliyekuwa ndani ya chumba, yuko kwenye hatua ya ngapi?"

Thobias aliitazama karatasi kuanzia juu mpaka chini. Akaigeuza nyuma, ambako alijua fika hakuandika kitu. Kisha akaketi, na mchana ule wali ulimshinda.

Jesca akawaeleza kwamba hakuna anayeruhusiwa kumtoa mpangaji kwa nguvu, iwe kwa kumfungia kufuli, kuezua bati au kung'oa mlango, bila amri ya baraza la ardhi na nyumba au mahakama. Rogers akadakia, "Basi na hilo ni jipya. Tulikuwa hatujui."

"Hapana, kaka. Mengine yamebadilika. Hili lilikuwa hivyo hivyo hata kabla hamjaanza kazi."

Ijumaa iliyofuata Bi Shakila alipiga simu. Mwanawe alikuwa anaanza chuo Morogoro, na yeye alimtakia chumba cha Cecilia, muuza mboga, kufikia kesho yake.

"Mama, mkataba wake una miezi mitano mbele," Thobias alisema. "Tumefundishwa hairuhusiwi."

"Mzee Thobias, nilikutuma ukajifunze, sikukutuma ukanifundishe. Kama kazi imekushinda, na hicho chumba cha getini uanze kukiaga."

Thobias aliogopa, na hakuna haja ya kumfichia. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Shamba la Mlali walishagawana ndugu zake, kila mmoja na watoto wake. Hata hivyo alikaa mezani akaandika barua mbili kwa kufuata mfano wa Jesca: moja ya Bi Shakila, kwamba mlango ule yeye hatauondoa, na nyingine ya Cecilia, ya kumweleza haki yake.

Jumamosi asubuhi akaenda kubisha hodi. Cecilia alikuwa ameshafunga godoro kwa kamba, na sufuria zilikuwa nje ukutani.

"Shikamoo, baba. Mama mwenye nyumba amenipigia, kasema unakuja." Alionyesha mlango kwa mkono wenye kisu cha jikoni. "Skrubu za chini nimeshazilegeza, usipate tabu. Naomba tu upole kidogo, mtoto bado kalala."

Thobias alizitazama zile skrubu. Alipiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kukaza moja baada ya nyingine. Cecilia alidhani anafungua. Aliendelea kutoa vyombo mpaka Thobias alipomaliza, akasimama, akaufunga mlango na kuufungua tena, kisha akampa barua.

Cecilia aliisoma taratibu, akarudia. Alitazama sufuria zake kule nje, akamtazama na yeye.

"Kumbe siwezi kutolewa hivi hivi?"

"Huwezi. Akija mtu mwingine, mwambie akuonyeshe amri ya baraza."

"Hii sheria imeanza lini, baba?"

Hapo palikuwa na jibu jepesi, lile la Rogers, na lingemtoa safi. Angesema imebadilika juzi, na Cecilia angemshukuru, na habari ingesambaa Kilakala nzima kwamba mzee Thobias ni mtu mwema, sheria tu ndiyo ilichelewa.

"Haikuanza juzi," alisema. "Ilikuwepo siku zote."

Cecilia aliikunja barua. Alikuwa amekaa nyumba ile miaka minne, na alikuwa amewaona majirani wakihama.

"Na wale wengine, wanajua?"

"Hawajui."

"Nani atawaambia?"

"Mimi," Thobias alisema. "Nawajua wote kwa majina."