Maneno Niliyowaambia Nyuki wa Bibi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, kule Kyondo milimani, sikuruhusiwa kupita mzinga wa bibi bila kusalimia. Unasimama hatua tano, unasema mmeamkaje, unatoa habari za nyumbani, fulani amejifungua, fulani ana homa, ndipo unashuka kisimani. Bibi, mama yake baba, alisema nyuki ni watu wa nyumba, na mtu wa nyumba akifichwa habari hukasirika. Alisema pia jambo lililonitisha zaidi: nyuki hawakai mahali watu hawasalimiani.

Na sisi wakati huo tulikuwa hatusalimiani. Baba na mdogo wake, baba mdogo Bwambale, walikuwa na mashamba ya kahawa yanayogusana, na ule mzinga wa gogo ulikaa mpakani. Baba mdogo akachimba mtaro, mvua ikaja, maji yote yakageukia kwetu yakabeba miche ya baba hadi bondeni. Basi, wakaacha kuongea. Mama akitaka kwenda kuazima ungo huko, baba anakohoa, mama anakaa chini.

Bibi alisema mara moja tu, mbele ya wote wawili, tukitoka kanisani: "Nyuki wakihama, na mimi nahama. Naenda Bwera kwa binti yangu. Siwezi kuzeekea kati ya nyumba mbili zisizosikiana."

Mimi nilikuwa nalala na bibi. Kitanda kimoja, blanketi moja. Sikujua mtu analalaje peke yake.

Jumamosi moja, jua limeshapanda, nilisimama mbele ya mzinga na sikuwa na habari yoyote, hakuna aliyejifungua, hakuna aliyeumwa, nikawapa ile niliyokuwa nayo. Nikawaambia, "Baba amesema baba mdogo ni fuko, anachimba chimba tu, na siku moja atajichimbia kaburi." Nikashuka kisimani. Nilipokuwa napanda na jerikeni kichwani nikasikia mvumo kama lori la saruji linapanda mlima. Nyuki walikuwa wanatoka. Wote. Wingu la kahawia lilipita juu ya migomba likaenda upande wa baba mdogo, na mimi nikaangusha jerikeni.

Nilimkuta bibi ameshatandaza kitenge kitandani, anafunga nguo zake. Hakulia, hakugomba. Nikapiga magoti nikasema ni mimi, bibi, ni mimi niliyewafukuza, nimewaambia maneno ya baba.

"Maneno gani?" Baba alikuwa mlangoni. Na nyuma yake alisimama baba mdogo, mara ya kwanza kukanyaga uwanja wetu tangu ile mvua, maana nyuki walikuwa wametua kwenye mparachichi wake na alikuja kumwambia mama yake.

"Sema," bibi akaniambia.

Nikasema. Fuko, kaburi, yote.

Baba akaangalia miguu yake. Baba mdogo akauliza taratibu, "Fuko, kaka?"

"Nilikuwa na hasira."

"Fuko hata macho hana!"

"Ndiyo maana mtaro wako umepinda."

Bibi ndiye aliyecheka kwanza, halafu baba mdogo, na baba mwisho, kwa shida, kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Lakini bibi hakuwaambia washikane mikono. Aliwapa kapu. "Kundi la nyuki halishikwi na mtu mmoja. Mmoja atikise tawi, mwingine akinge. Mkishindwa, nguo zangu zimeshafungwa."

Nilijificha kwenye migomba nikatazama. Sijawahi kusahau lile kundi. Hawana nyumba, hawana asali, hawajui watalala wapi, na hakuna aliyekuwa anakimbia huku na huku, wameshikana miguu kwa miguu kwenye tawi moja, wanangoja. Kanisani walituambia imani ni nini lakini mimi niliiona pale, inaning'inia kwenye mparachichi.

"Umekinga?" baba mdogo alipaza sauti kutoka juu.

"Nimekinga, tikisa, fuko wewe!"

Walirudi wameshawamimina nyuki mzingani, mmoja jicho limevimba, mwingine mdomo. Bibi akafungua kitenge, akarudisha nguo kwenye sanduku. Jumatatu yake ndugu wawili walibeba mawe pamoja wakaugeuza ule mtaro.

Sekondari, mwalimu wa bayolojia alitufundisha kwamba kundi la nyuki hutoka mzinga ukijaa. Niliandika hivyo, nikapata alama. Na nadhani bibi alilijua hilo kabla ya mwalimu, alifuga nyuki maisha yake yote. Alijua pia kwamba Mungu hutufundisha kwa kitu kilicho karibu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya juzi. Sasa naishi Kasese mjini, vyumba vya kupanga, mume wangu yuko kazini Hima wiki nzima, na mtoto wetu ana miezi minne. Tangu nijifungue naogopa kila kitu, akilia naogopa, akilala sana naogopa zaidi. Na jirani yangu Mama Hadija, muuza vitenge, tulikuwa hatujasalimiana wiki mbili kwa ajili ya moshi wa jiko lake. Asubuhi nafungua mlango, kundi la nyuki limetua kwenye nguzo ya kamba ya nguo, hatua tatu tu. Nilirudisha mlango kwanza. Halafu nikamfunga mtoto kifuani, nikamfunika, nikawapita polepole nikisema mmeamkaje, nikabisha mlango wa pili.

"Iko nani?"

"Ni mimi, Mama Hadija. Naogopa."

"Hata mimi naogopa! Ingia haraka, leta mutoto, huku dirisha iko na wavu."

"Na ule moshi, nilikusema vibaya..."

"Wacha moshi. Chai iko."

Sijui kama nyuki hunisikia. Najua kwamba kwa wiki mbili mwanangu hakubebwa na mtu mwingine, na mimi nilidhani huko ndiko kumlinda. Waliondoka saa nane mchana, wote pamoja. Saa kumi nilirudi chumbani kwangu kufua, mikono mitupu, na mtoto akabaki amelala kwa Mama Hadija.