Mama Alipokataa Meza ya Bwana

Kwa miaka kumi na minne kazi yangu kanisani ilikuwa kusoma taarifa ya kanisa makaburini. Huenda kwenu hamna kazi hiyo, kwa hivyo wacha niieleze. Mtu akifa huku kwetu Molo, kabla jeneza halijashushwa, familia husoma maisha yake, rafiki husema mawili matatu, kisha mzee wa kanisa wa mtaa ule husimama na karatasi yake. Husema marehemu alibatizwa lini, alithibitishwa lini, na kama hadi kufa kwake alikuwa akishiriki Meza ya Bwana. Kama alikuwa akishiriki, mchungaji huvaa joho. Kama hakuwa, mchungaji huja na koti lake la kawaida, sala huwa fupi, na mahubiri huwageukia walio hai: mmejionea wenyewe, msingoje mpaka muwe hivi.

Mimi ndiye nilikuwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu, ingawa ni mwanamke, na nilisoma vizuri. Nilifundisha darasa la tatu mpaka nikastaafu, sauti yangu inafika mbali. Niliwasomea vijana, niliwasomea wazee, niliwasomea walevi na binti za watu, kisha nikarudi nyumbani nikala na kulala. Ndivyo nilivyokuwa, na sioni haja ya kujipamba hapa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa dereva wa lori. Alipakia viazi huku juu akavipeleka Nakuru na mbele zaidi. Alipokuwa na miaka thelathini na kitu kanisa lilimtenga na Meza kwa sababu alikuwa akiishi na mwanamke bila harusi. Yule mwanamke alimwacha baadaye, lakini kanisani hakurudi. Nikimsumbua aliniambia, "Mimi na Mungu tutaongea wenyewe, wewe endelea na karatasi zako." Kila alipopita aliegesha lori kando ya barabara, akapanda kilima na gambuti zake, akamletea Mama sukari, mkate na gunia la makaa. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja, tunagombana, halafu anaondoka.

Mwaka jana aliugua mapafu akalazwa Nakuru. Nilienda kumwona mchana, saa za kuwaona wagonjwa. Nilimkuta amekonda, mpira wa hewa puani, na sikumuuliza hata kama amekula. Nilimshika mkono nikamwambia arudie nyuma yangu maneno ya sala ya toba. Alicheka, na kule kucheka kukamuuma.

"Mwalimu, hata hapa ni darasa la tatu?"

"Rudia tu. Ni maneno machache."

"Nikiyasema kwa sababu nakuogopa wewe, si Mungu atajua?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka kwa baridi ya asubuhi, nimesafiri na hofu yangu yote, na huyu mtu ananifanyia mzaha. Nikamwambia, "Sawa. Ukienda huko, usiseme hukuambiwa." Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Kesho yake sikuenda. Keshokutwa walitupigia simu kwamba ameaga.

Ningeweza kumwomba mzee wa mtaa mwingine anisomee. Sikutaka mtu aseme ninapendelea wangu, basi nikasimama mwenyewe. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga. Alithibitishwa katika kanisa hili. Kwa miaka kumi na mitano hakuwa akishiriki Meza ya Bwana. Nilikunja karatasi nikaketi. Mchungaji, akiwa na koti lake la kawaida, akahubiri juu ya mtu aliyepewa nafasi hadi kitandani akaikataa. Alijua habari hiyo kwa sababu mimi ndiye nilimpa. Vijana watatu wakajitokeza kuokoka palepale kando ya udongo. Mama alikuwa chini ya hema kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, na hakulia.

Mama alikuwa amepita miaka themanini na mitano na nyonga zilikuwa zimemkatalia, kwa hivyo mchungaji alimletea Meza nyumbani mara moja kwa mwezi. Mimi nilibeba kile kisanduku cha mkate na vikombe. Mwezi uliofuata mazishi tulifika kama kawaida, tukaimba ubeti mmoja, mchungaji akaomba. Aliponyoosha kikombe, Mama akakifunika kwa kiganja.

"Shosho, unaumwa?" mchungaji akauliza, kama anavyomwita bibi yake mwenyewe.

"Siumwi. Mtoto wangu hajaingia."

Mchungaji alinitazama mimi, akidhani akili ya Mama imeanza kuyumba. Mimi nilimwelewa. Tulipokuwa wadogo Mama hakuwahi kutia tonge kinywani kabla mtoto wa mwisho hajaingia nyumbani. Alitupakulia sisi, akafunika sahani yake, akangoja. Huyu kitinda mimba alipenda mpira, alichelewa kila jioni, na Mama alikula ugali baridi miaka nenda miaka rudi bila kulalamika.

"Mambo ya waliotutangulia tumwachie Mungu, Shosho," mchungaji akasema kwa upole. Ni kijana mzuri, simlaumu.

"Pale kaburini hamkumwachia."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye ulisoma. Niambie aliko."

Nilisema Mama, tutaongea baadaye. Akasema hapana. "Usiniletee maneno ya kunibembeleza. Kama kuna jambo, lilete hapa na uliseme mchungaji akisikia. Kama hakuna, usinibebee hicho kisanduku tena."

Hapo ndipo nilipoona jambo hili si la mzaha. Mama yangu alikuwa ameshika kanisa tangu wakoloni wako kwenye mashamba haya, na sasa alikuwa anaelekea kufa nje ya Meza, kwa hiari yake, kwa sababu ya karatasi niliyosoma. Na nikimwambia ninachofundishwa kuamini, angebaki huko nje. Nikimdanganya, angenijua kabla sijamaliza sentensi.

Basi nikaanza kusoma Maandiko upya. Nilisoma mchana, kwenye baraza, baada ya ng'ombe kukamuliwa. Yale ya kondoo na mbuzi niliyajua kwa moyo, na mlango uliofungwa, na moto. Sikuyaruka. Lakini kulikuwa na mengine ambayo nilikuwa nimeyapita miaka yote kama mtu anayepita duka asilonunua. Kuna pale mtume anapowaweka watu wawili, mmoja, yule wa kwanza kuumbwa, ambaye kwake wote walikufa, na wa pili, Kristo, ambaye kwake wote watapewa uhai. Ile 'wote' ya kwanza nilikuwa nimeisoma kuwa ni kila mtu, na ile ya pili nikaisoma kuwa ni sisi wa pale kanisani. Nani aliniruhusu? Kuna yule mchungaji aliyemtafuta kondoo mmoja mpaka akampata. Niliona hakuna aliyemwekea saa ya kurudi.

Nilijibishana na mimi mwenyewe. Kama wote wataingia mwishowe, kwa nini mtu ajisumbue kuwa mwema? Lakini mimi ni mwalimu, nimewaona watoto wanaosoma kwa sababu ya kiboko na wanaosoma kwa sababu wamependa kitabu, najua ni wepi waliojifunza. Kama mtu akikataa je, Mungu atamburuta? Sidhani atamburuta. Nilifikiri atangoja, na kwamba kungoja kwake si kama kwangu, mimi niliyekasirika kitandani pa mgonjwa nikachukua mkoba. Mwisho nikafika mahali pa kusimama: moto upo, na unaunguza, lakini Mungu hatachoka kabla yetu.

Nilijishuku pia. Je, naamini hivi kwa kuwa ni ukweli, au kwa kuwa ni ndugu yangu? Kusema kweli, ningekuwa nimemsomea mtoto wa jirani, nisingefungua hata ukurasa mmoja. Nikaona aibu, maana wale wote niliowasomea nao walikuwa na dada.

Nilichukua miezi mitatu. Mwezi wa nne nilibeba kisanduku nikamfuata mchungaji hadi kwa Mama. Kabla hajafungua mdomo kuomba, nilisema. Nilisema naamini mdogo wangu yuko mikononi mwa Mungu, kwamba kama kuna la kunyooshwa ndani yake linanyooshwa, na kwamba mwisho ataingia, kwa sababu Kristo hakufa kwa ajili ya nusu ya watu. Mchungaji akatazama sakafu. Alijua, na mimi nilijua, kwamba hayo hayasemwi na mzee wa kanisa letu.

Mama akauliza, "Ataingia yeye peke yake?"

"Wote, Mama."

"Na wale waliomkata baba yako?"

Sijaeleza jambo hilo, na sikupanga kulieleza. Mwaka wa machafuko, walipochoma nyumba za upande wetu, Baba alirudi kumfungua ng'ombe. Watu wawili walimkuta zizini. Tuliwajua, walikuwa wakinunua maziwa kwetu. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Mmoja alikufa kwa sukari. Wa pili aliokoka kwenye mkutano wa injili, na siku hizi hutoa ushuhuda kanisani kwao ng'ambo ya bonde, anataja nyumba alizochoma, lakini Baba hamtaji.

"Huyo aliyeokoka," Mama akaendelea, "kwa hesabu yenu ya zamani yeye yuko ndani na mtoto wangu yuko nje. Hiyo nilikuwa nimeikataa. Sasa wewe msichana unaniambia wako ndani wote watatu."

Nilitamani kusema hapana. Nilitamani niwe na mungu mdogo wa kwangu, anayechukua ndugu zangu na kuacha wengine.

"Na wao, Mama. Watapitia moto, watamwona Baba uso kwa uso, watasema walichofanya. Lakini na wao."

"Rudini na kisanduku chenu," akasema, akageukia ukuta.

Mchungaji alitimiza wajibu wake, akaripoti. Baraza la wazee liliniita. Nilikaa mbele ya watu niliosali nao nusu ya maisha yangu. Waliniuliza kama ninafundisha kwamba jehanamu ni tupu. Nikasema sijui kama ni tupu, ila natumaini haitabaki na mtu. Mmoja akauliza, kwa hivyo tuliyohubiri miaka yote ni bure? Nikasema hapana, ila tuliyasoma makaburini kama hukumu na hatukuwa mahakimu. Mama mmoja alilia. Waliniomba nifute maneno yangu na sikuweza, basi wakanipa mkono, wakachukua faili la taarifa, wakaniombea. Niliuma meno njia nzima ya kurudi nyumbani. Sitasema sikuumia, niliumia sana, na bado naumia nikisikia mtu mwingine anasoma.

Kwa Mama sikulitaja jambo lile tena, wala yeye. Nilimchemshia uji, nikamgeuza kitandani, nikamkanda miguu. Mchungaji alikuja miezi miwili mfululizo na mzee mpya, na mara zote mbili Mama akakifunika kikombe. Alikuwa anapungua tulivyokuwa tukimtazama, na nilikuwa nikijiambia kwamba nimemtoa kwenye shimo moja nikamtia kwa lingine. Ukweli wangu ulikuwa umenigharimu kanisa na haukuwa umemlisha.

Mwezi wa tatu walifika mvua ikinyesha. Nilikaa pembeni, maana sasa mimi ni muumini wa kawaida, na hata huo uumini wangu ulikuwa bado unajadiliwa. Mchungaji aliomba, akanyoosha kikombe huku ameshaanza kukirudisha, kwa mazoea. Mama akamshika kifundo cha mkono. Alikula mkate, akanywa yote, polepole, kwa mikono miwili.

Mchungaji akafurahi mno. "Bwana asifiwe, Shosho. Umewasamehe."

"Sijawasamehe," Mama akasema, akimrudishia kikombe. "Lakini kama hao wawili wataketi pale, mtoto wangu hataketi nao peke yake."