Mtamba Mwekundu wa Nyantende

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpitisha ng'ombe. Nilisimama mbele ya watu walioniamini nikatangaza kwamba mtamba wa bibi yangu, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, hana doa hata moja, na kwamba anaweza kutumika kurudisha hekalu la Yerusalemu. Nilikuwa kijana asiye na cheti chochote baada ya sekondari, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Goma.

Mimi ni mtu wa kuhangaika. Nikiandika ujumbe mfupi wa simu naurudia mara nyingi kabla ya kuutuma, na ukishakwenda nausoma tena nikitafuta nilipokosea. Chuo kikuu nilikiacha mwaka wa kwanza kwa kukosa karo. Nikaamua kujisomesha, na kitu kilichopatikana bure na kwa wingi kwenye simu yangu kilikuwa unabii. Nilipakua vitabu vya Kifaransa vinavyoeleza siku za mwisho kwa michoro. Nilijifunza herufi za Kiebrania kutoka kwenye video. Baada ya muda nikaanza kusahihisha watu wakubwa, na wao, sijui kwa nini, wakaniruhusu.

Kikundi chetu cha maombi kilikutana Nyalukemba, mtaa mmoja wa mji wetu, sebuleni kwa kiongozi wetu ambaye sote tulimwita mtumishi. Ukutani palikuwa na bendera ya Israeli, na pembeni yake kalenda ya bia ambayo ilikuwa imegeuzwa ili picha itazame ukuta. Baragumu letu lilikuwa pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni, na miezi ya kwanza mpulizaji alilazimika kuziba pua. Wengi wetu tulikuwa Wakatoliki. Asubuhi ya Jumapili tulikwenda misa, jioni tulikwenda kwenye unabii, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukosea upande.

Tuliwapenda Wayahudi kupita kiasi. Tuliwaombea kila tulipokutana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Myahudi kwa macho.

Mimi ndiye niliyechora chati. Niliichora juu ya shuka jeupe la mama, mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Wayahudi wanarudi katika nchi yao, hekalu linajengwa, Mpinga Kristo anaingia na kukaa ndani yake, dhiki kuu inaanza, theluthi mbili za Wayahudi zinakufa, theluthi inayobaki inaamini kama sisi, Bwana anarudi. Sisi wenyewe nilituchora juu kabisa, pembeni, kwenye wingu, tukitazama kama watu waliopata viti vizuri uwanjani. Zile theluthi mbili nilizipaka rangi nyekundu. Sehemu hiyo niliirudia na kuirudia, maana ukingo wa rangi ulikataa kunyooka. Nilikosa usingizi kwa sababu ya ukingo wa rangi. Watu waliokuwa ndani ya rangi hawakunisumbua.

Jioni moja mtumishi alifundisha kwamba hekalu haliwezi kusimama bila majivu ya mtamba mwekundu asiye na kasoro, aliyetajwa katika kitabu cha Hesabu. Akauliza kama mtu anayeuliza hewani, "Ngombe ya vile itatoka wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini swali lisilo na jibu siwezi kuliacha lipite.

"Koko yangu iko nayo moya kule Nyantende," nikasema, maana bibi tunamwita koko. "Iko mwekundu yote."

Sebule nzima ikageuka kunitazama. Nakiri kwamba nililifurahia jambo hilo.

Nilichosahau ni kaka yangu. Kaka ni fundi wa pikipiki, na alikuwa na mchumba Kavumu, nje ya mji upande wa pili, msichana mshonaji. Siku hizi familia nyingi zinakubali fedha badala ya ng'ombe wa mahari, au dot kama tunavyosema, lakini akiba ya kaka ilikuwa benki, na benki za mjini zilikuwa zimefungwa tangu vita iingie. Bibi akamwambia achukue mtamba wake, kwa kuwa yeye hana tena mtu wa kumfungia zizi usiku. Baba wa msichana alikuja mpaka Nyantende, akamzunguka yule mtamba, akampapasa nyonga, akaridhika. Siku ya kumpeleka ilikuwa imekwisha kupangwa. Na haraka ilikuwepo, kwa sababu mwenye duka la dawa huko Kavumu alikuwa ameanza kuisalimia familia ile kila Jumapili baada ya misa, akiwa na mkate mkononi.

Tulikwenda kijijini Nyantende, mtumishi, mama wawili wa maombi, mpulizaji wa pembe na mimi. Bibi alikuwa anapalilia maharage. Hakuweka jembe chini.

"Mumekuya kuona miye ao kuona ngombe?"

"Maman, tumekuya kuona kintu Mungu alificha kwako," mtumishi akasema.

"Hakuificha. Njo ile, pale ku migomba," akasema, akionyesha kwa kidevu.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukagua. Nilikuwa na kitana cha mama na taa ya simu, ingawa jua lilikuwa kali. Nilianza kwenye kwato, nikapanda miguu, tumbo, mgongo. Mtamba alikuwa akitafuna tu. Nilipofika nyuma ya sikio la kushoto nikakuta nywele chache nyeupe.

Ningeziacha, hadithi ingeisha pale kwenye migomba, na kaka angeoa kwa wakati. Lakini nilikuwa nimekwisha kutamka mbele ya watu kwamba ni mwekundu wote. Nikazing'oa. Mtamba alitikisa kichwa. Nikazitia mfukoni, nikageuka na kusema hana doa.

Mtumishi akaamuru pembe ipulizwe. Mtamba aliposikia sauti ile alikata kamba akaingia kwenye maharage, akayakanyaga kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho.

"Anaskia pembe ya dada yake," bibi akasema, akaenda kumfuata.

Kuanzia siku hiyo mtamba hakuwa tena wa bibi wala wa kaka. Mtumishi aliagiza asitolewe mahari, asipandwe na dume, asibebe kitu. Kaka alikuja Nyalukemba moja kwa moja kutoka kazini, mikono imejaa oili.

"Papa mtumishi, ile ngombe ni ya dot yangu."

"Mutoto wangu, ndoa inaweza kungoya. Hekalu haiwezi kungoya."

"Hekalu imengoya miaka ngapi? Itashindwa kungoya miye niowe?"

Mama wa maombi wakaanza kumwombea kwa sauti ili asisikike. Kaka alinitazama. Mimi nilitazama chati, na naona aibu kusema kwamba wakati ule ule niligundua mshale mmoja umepinda.

Tulimpiga mtamba video, tukaituma kwa mhubiri mmoja wa ng'ambo ambaye namba yake ilionekana chini ya mahubiri yake. Alama za bluu zikatokea, maana yake ameiona. Tulifunga na kushukuru. Jibu halikuja, na mtumishi akafundisha kwamba ukimya ni wa watu wanaojiandaa.

Kutoka Kavumu, habari zilikuja haraka zaidi. Mwenye duka la dawa alikuwa sasa anakuja na mikate miwili.

Ndipo mchumba wa kaka akaja mwenyewe. Aliingia katikati ya mafundisho, akasalimia kila mtu kwa heshima, akaenda kusimama mbele ya shuka. Mimi nilikuwa na fimbo ya kuonyeshea mkononi.

"Beau-frère, shemeji, hii rangi mwekundu ni nini?"

"Ni Wayahudi."

"Banafanya nini?"

"Banakufa."

"Bote?"

"Apana. Sehemu mbili ku tatu."

Akasogea karibu, kama anavyofanya akiangalia mshono wa mtu mwingine. "Na ile ngombe yetu inaingia wapi?"

Nilimwonyesha. Mwanzoni, kabla ya hekalu. Nilikuwa nimechora ng'ombe mdogo mzuri, mwenye kwato.

"Kwa hiyo dot yangu muliikamata ju bale bantu bakufe mbio."

"Binti, hayo ni maandiko," mtumishi akasema. "Sisi tunapenda Israeli sana."

"Kama munabapenda vile, minaomba miye musinipende."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa.

"Mulibauliza?" akaendelea.

"Tuulize nani?"

"Bale ba mu rangi." Akanigeukia. "Na nyinyi muko wapi?"

Nikaonyesha wingu kwa fimbo.

"Munafanya nini pale?"

"Tunaona."

"Munaona tu." Akafunga kitenge chake upya. "Hapa Kivu tunajua vizuri bantu ba mbali benye kuweka ramani ya inchi yetu ku meza na kupaka rangi. Nao banasemaka banatupenda."

Aliaga kila mtu, akatoka. Mtumishi alisema ni roho ya upinzani, tukaimba.

Asubuhi iliyofuata nilifungua ile sura ya Hesabu kumtafutia jibu. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba niliamini naijua kwa moyo. Inasema majivu ya ng'ombe yule ni ya mtu aliyegusa maiti, ili atakaswe, arudi kukaa na wenzake. Siku za mwisho hazitajwi, wala hekalu la baadaye. Katika mtaa wetu mwaka ule watu wengi walikuwa wamebeba maiti za majirani kwa mikono yao wenyewe, baadhi yao walikaa kwenye sebule ile ile chini ya bendera, na mimi mwalimu wao nilikuwa nimesoma sura nzima nikitafuta rangi ya ng'ombe.

Nilikwenda Nyantende. Nywele nyeupe zilikuwa zimeota tena nyuma ya sikio, na nilivyoona mimi ziliongezeka.

Jioni ya maombi nilisimama nikasema yote: kitana, nywele, mfuko. Nilikuwa nimeandika maneno hayo mapema na kuyasahihisha. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeogopa dakika hiyo mpaka nikashindwa kula, nikiwaza watakavyonifukuza.

"Hina inapatikana ku soko ya Kadutu," mtumishi akasema.

Nilingoja watu wacheke. Mama mmoja wa maombi akauliza kama hina ya nywele za binadamu inashika kwa ng'ombe. Mwingine akasema itashika, dada yake aliijaribu kwa mbuzi. Wakaanza kujadili nani aende kuinunua. Mimi bado nilikuwa nimesimama na karatasi yangu ya toba mkononi, na hakuna aliyeihitaji.

Nikaanza kulitoa shuka ukutani.

"Unafanya nini?" mtumishi akauliza.

"Shuka ni ya mama."

Kaka, nilipomweleza yote, hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniambia nivae viatu vizuri. Tulimtoa mtamba Nyantende alfajiri, tukampitisha katikati ya mji, mimi mbele na kamba, yeye nyuma na kijiti. Madereva wa pikipiki wanaomfahamu kaka walipiga honi wakamwuliza kama amebadilisha kazi. Njia ya Kavumu ni ndefu kwa mguu wa ng'ombe. Kila aliposimama kula majani ya watu, kaka alisema, "Ngoya, docteur wa unabii atamuongelesha," na nikalazimika kumvuta. Tulilala kwa rafiki yake njiani, tukafika kesho yake, na nguo zetu zote zimejaa vumbi.

Baba wa msichana alimzunguka mtamba kama mara ya kwanza. Akasimama penye sikio.

"Na hizi nyeupe? Sikuziona ile siku."

Kaka alinitazama. Hakunisaidia.

"Iko nazo tangu zamani, papa," nikasema. "Kisha miye niliziondoa. Zikarudi."

"Uliziondoa ju ya nini?"

"Ju ya unabii."

Mzee alimgeukia kaka. "Huyu njo ndugu yako?"

"Njo yeye. Lakini atapona."

Mzee akampapasa mtamba nyonga, akasema nywele hazizai, akaita vijana wamfunge. Ndani ya nyumba mtu alianza kucheka, nami niliitambua sauti ya mchumba wa kaka. Mwenye duka la dawa, nasikia, aliendelea kununua mikate ile akala mwenyewe.

Walioana kabla ya mvua. Mtamba amezaa huko Kavumu, na ndama ni mweusi mwenye tumbo jeupe, hafai kwa hekalu lolote. Mama alilifua lile shuka, lakini nyekundu haikutoka, naye analitandika hivyo hivyo na kuweka blanketi juu. Kikundi bado kinakutana, nasikia wanatafuta ng'ombe mwingine upande wa Mwenga.

Mimi sijachora chati nyingine. Bado nasoma unabii, na bado naogopa kukosea. Ila nikifika mahali panapowataja Wayahudi, nasoma nikijua kwamba ni watu, na kwamba mmoja wao anaweza kukutana nami siku moja akaniuliza nilikuwa nasema nini juu yake.