Koti Lenye Zipu ya Kichwa Kimoja

Saa mbili asubuhi, Mama Manyoya anafunga dirisha. Anazima feni na kunionyesha kigoda cha pembeni, mimi mwandishi niliyekuja kumtazama kazini. Anakunja gunia kuukuu na kulibana chini ya mlango, anajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, kisha anapumua taratibu kwa pua, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga alale.

Hapo ndipo anapofungua mfuko.

Ndani yake kuna manyoya ya kifuani mwa bata bukini, meupe na mepesi kiasi kwamba ukicheka karibu nayo yanaondoka. Anayachota kwa kiganja na kuyaweka kwenye mizani ndogo ya jikoni. Anaongeza kidogo, anapunguza kidogo. Mbele yake limelazwa koti la bluu lililoshonwa kwa vijumba vijumba kama godoro. Vijumba vyote vimeshiba isipokuwa kimoja, cha begani. Anakipanua kwa vidole viwili na kuanza kukilisha.

Mlango unafunguliwa kwa kishindo.

"Wifi! Wifi wewe!"

Upepo unaingia pamoja na wifi. Bega zima la koti linapaa. Manyoya yanagusa dari, yanageuka, yanashuka bila haraka juu ya cherehani, juu ya mahema yaliyokunjwa, na ndani ya kikombe cha chai.

"Mara ngapi nimekwambia upige hodi?" anauliza Mama Manyoya bila kuinua kichwa.

"Hodi," anajibu wifi, unyoya mmoja ukiwa umemkaa mdomoni.

"Ndiyo unapiga sasa?"

"Si umeuliza?"

Wifi huyu, dada wa mumewe, ndiye msaidizi wake katika chumba hiki cha kazi nyuma ya nyumba. Anafua mahema, anakagua kamba, na anazungumza kwa niaba ya watu wote wawili. Leo amekuja na ujumbe. Kiongozi wa msafara, mwanamke anayepanga safari za wapanda milima, amempigia simu yeye kwa sababu ya Mama Manyoya imezimwa.

"Safari imewahishwa. Wanaondoka Alhamisi. Halafu anasema anataka jibu lako leo, kabla jua halijazama, au nafasi anampa mtu mwingine. Jibu gani hilo? Nafasi gani?"

"Ya mahema."

"Mahema yameanza lini kuwa na nafasi?"

"Shika ufagio, wifi. Manyoya hayajiokoti."

Wifi anashika ufagio wa manyoya laini, ule wa kufagilia taratibu, lakini macho yake yanabaki juu ya koti la bluu. "Na hili la nani?"

"La mteja mmoja mfupi."

Mama Manyoya ni fundi wa nguo na vifaa vya wapanda milima. Mikononi mwake hupita makoti ya baridi kali, mifuko ya kulalia, mabegi na mahema yaliyokwenda kwenye vilele vya karibu kila bara. Koti likifika lina vumbi jeusi kama masizi kwenye mishono, anajua limetoka kwenye mlima wa volkano. Likija limechanwa mistari mitatu sambamba pajani, mwenyewe alijikanyaga kwa viatu vyenye meno ya kushikia barafu. "Hao ni wale wanaotembea kama bata," anasema, na kucheka mpaka anashika ubavu.

Mifukoni hukuta mambo. Pipi zilizoyeyuka. Soksi moja, kila mara moja. Siku moja alikuta jino la bandia. Mwenyewe alikuja kulidai huku akizungumza kwa kuziba mdomo na kiganja.

Majirani hapo mwanzo walidhani anafuga mabata kwa siri. Mmoja alikuja na sahani kuomba kipaja. Alipoambiwa hakuna nyama, ni manyoya tu, aliondoka na kinyongo kilichodumu mwezi mzima, maana aliamini amenyimwa. Jina likazaliwa hapo.

Yeye mwenyewe hajawahi kuona theluji, isipokuwa ile inayoganda kwenye friji ya dukani.

Alianza kwa kushona sare za shule. Alikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa mumewe aliporudi kutoka safari yake ya kwanza ng'ambo, akiwa na midomo iliyopasuka na mzigo mkubwa mgongoni. Mke alidhani ni zawadi. Akaufungua mbele ya wifi na mama mkwe. Lilikuwa hema lililochanwa na upepo kutoka juu hadi chini.

"Wenzangu waume zao wakisafiri wanaletewa manukato," anakumbuka. "Mimi nikaletewa kiraka."

Alilishona. Lilikwenda tena na kurudi zima. Wapandaji waliofuatana na mumewe wakauliza fundi ni nani. Miaka ishirini na sita baadaye, kazi ya sindano imesomesha binti wawili na kuezeka nyumba. Msimu ukiwa mzuri, koti moja la kujaza upya hulisha nyumba kwa wiki mbili. Msimu mbaya, anarudi kwenye sare za shule na hanung'uniki.

Mumewe ni kiongozi wa wapandaji, mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mirefu kupita kiasi. Wenzake humwita Mbuzi, kwa jinsi anavyosimama juu ya jiwe lisilo na pa kusimama. "Kwa hiyo mimi nimeolewa na mbuzi," husema mkewe, "na sijawahi hata kupata maziwa."

Utani wake juu ya milima unajulikana mtaa mzima. Mtu mzima na akili zake, kupanda ili ashuke! Kulipa nauli ukateseke, wakati mateso yapo hapa hapa bure! Amesema hivyo kwenye harusi, amesema msibani, amewaambia wageni wa mumewe usoni, nao hucheka na kumwachia makoti yao.

Ndiyo maana leo ana tatizo.

Wifi anapotoka kuanika hema, anasogeza kigoda chake karibu nami na kushusha sauti. Nafasi ile ni yake. Safari iliyopita upepo uliharibu mahema mawili katika kambi kuu, chini ya kilele, na hapakuwa na mtu wa kuyashona. Safari hii kiongozi wa msafara anataka fundi akae kambini mpaka wapandaji warudi. Daktari amemsikiliza mapafu na kumruhusu. Binti zao wamesema aende. Mumewe ndiye hajaambiwa.

"Nataka kwenda," ananong'ona, akiutazama mlango. "Naota usiku. Lakini nitamwambiaje? Miaka yote hii nimeuita upuuzi. Leo nile matapishi yangu?"

Na hakuna mwaka ujao. Mbuzi ametangaza kwamba huu ndio mlima wake wa mwisho. Magoti yameomba msamaha. Baada ya hapo atafundisha vijana kufunga kamba kwenye ukuta wa mazoezi. Mama Manyoya angeweza kwenda na watu wengine siku nyingine. Lakini hataki kwenda na watu wengine.

"Mwambie hivyo basi," namshauri.

"Ndiyo," anasema. Kisha anachukua sindano, na bega la koti linaanza kujaa upya.

Mchana unapita kwa kazi. Anabadilisha zipu za makoti matatu ya msafara, na kila anayekaa karibu naye hujifunza jambo hili moja: zipu ya mpandaji ina vichwa viwili. Kimoja hufungua kutoka shingoni, kingine kutoka chini, ili mtu aufikie mkanda wa kiunoni alikofungiwa kamba bila kulivua koti kwenye baridi. Fundi wa mjini aliwahi kuweka ya kichwa kimoja kwenye koti la mteja wake, na Mama Manyoya aliifumua yote.

"Kichwa kimoja ni cha mtu wa kukaa," anasema. "Aliyefungwa kamba anataka viwili. Ukikosea hapa, umemvua mtu nguo mahali pasipofaa."

Mara mbili anaiwasha simu. Mara mbili anaizima.

Saa kumi na moja jioni hodi inapigwa, taratibu, na mtu aliye nje anangoja kujibiwa. "Huyo ndiye," anasema wifi. "Katika ukoo wetu mwenye adabu ni mmoja."

Mbuzi anaingia akiinamisha kichwa kukwepa kizingiti. Amekuja kuchukua mizigo ya msafara. Anawasalimu wote, anamuuliza mkewe kama amekula, kisha anaona koti la bluu limetundikwa kwenye msumari. Uso unamlainika.

"Koti langu la zamani! Si liliungua mgongoni? Nilijua umelitupa."

Mkewe anageukia cherehani.

Mbuzi analivaa. Mikono inaishia karibu na viwiko. Pindo linamkaa juu ya kitovu. Wifi anatupa ufagio na kukaa chini kwa kicheko.

"Kaka, limelowekwa kwenye maji ya moto? Au umevaa la mtoto wa chekechea?"

Mbuzi naye anatabasamu, ananyoosha mikono kujionyesha. Halafu, kwa mazoea ya maisha yake yote, mkono wake unashuka kwenye pindo kutafuta kichwa cha pili cha zipu.

Anapapasa. Anainama kutazama. Tabasamu linaondoka kidogo kidogo.

"Mama," anasema, jina analomwita tangu binti wa kwanza azaliwe. "Umeweka kichwa kimoja."

"Najua."

"Wewe hukosei zipu."

"Sikukosea."

Wifi ameacha kucheka. Mbuzi anavuta kigoda na kuketi, magoti yakilia, bado amevaa koti lile dogo. Anazungumza akiitazama mikono yake.

"Zipu ya mtu wa kukaa. Nimekuelewa. Miaka yote unatania, nami nacheka, nikienda najiambia ni utani tu. Kumbe ulikuwa unaniomba." Anagusa zipu. "Ungesema tu, Mama. Kilele kimoja ni nini? Nampigia kiongozi sasa hivi. Nabaki."

Anatoa simu mfukoni. Anaivalia miwani, anaanza kutafuta namba, kidole chake kinene kikiteleza kwenye kioo. Nje, jua limefika kwenye ukuta wa jirani. Mtu huyu ameungoja mlima huu kwa miaka, na anauachia hapa, kati ya cherehani na ndoo ya mahema, kwa sababu ya zipu.

Mama Manyoya anasimama.

"Weka simu chini."

"Acha nimwambie mapema, apate mtu mwingine."

"Baba, weka hiyo simu chini! Koti lako liko kwenye gunia, nimelimaliza juzi, na lina vichwa viwili. Hilo si lako."

"La nani basi?"

"La mteja mfupi," anasema wifi haraka, kisha anamtazama Mama Manyoya kuanzia miguuni, na hana haja ya kupandisha macho mbali sana kufika kichwani, na kuziba mdomo kwa mikono miwili.

"Langu," anasema Mama Manyoya.

Unyoya mmoja wa asubuhi, uliojificha juu ya kabati siku nzima, unachagua wakati huo kushuka. Unatua kwenye goti la Mbuzi, na wote wanne chumbani wanautazama.

"Kiongozi wako anataka fundi wa kukaa kambini. Kanipa nafasi. Daktari kaniruhusu. Nimelipunguza koti lako, nimelijaza, sikuwa na ujasiri wa kukwambia." Anafungua kitambaa kichwani, anakikunja, anakikunjua. "Sikuombi ubaki. Panda huo upuuzi wako mpaka mwisho wake. Mimi nitakaa chini na sindano yangu, niwe wa kwanza kukuona ukishuka."

"Wewe," anasema Mbuzi. "Wewe, uje mlimani?"

"Cheka tu. Nimejiandaa kuchekwa."

Hacheki. Anafungua zipu ya kichwa kimoja kutoka shingoni hadi chini, anajitoa ndani ya koti kwa shida, analikung'uta, na kulishika wazi kwa mikono yake mirefu, kama mtu anavyomshikia mgeni wa heshima. Mkewe anaingiza mkono wa kwanza. Kisha wa pili. Linamkaa sawasawa.

"Miaka ishirini na sita nashona nisichokijua," anasema akiwa amempa mgongo, na safari hii hanong'oni. Hata jirani mwenye kinyongo cha kipaja angesikia. "Nataka nikaone hicho kinachonichania makoti yangu. Na nataka nikione na wewe."