Justa Alivyokataa Kutunzwa

Kamusi inasema kisawe ni neno lenye maana sawa na neno lingine. Basi, imeisha. Watu wanakariri, wanafaulu mtihani, wanasahau. Justa wa Kishapu hakukariri. Neno hilo lilimkuta akiwa msibani.

Ilikuwa 1975. Mumewe, Ngassa, alikuwa amefukiwa na shimo la dhahabu huko Geita, alikokwenda kujaribu bahati pamba ilipogoma. Siku ya kumaliza msiba ukoo ungemkalisha Justa chini, umuulize kama anamkubali Masele, mdogo wa marehemu. Akikubali, anakuwa mke wa pili. Justa hakumtaka. Na Masele hakuwa mlevi wala mgomvi, kwa hiyo hata kisingizio hakuwa nacho.

Jioni moja kabla ya siku hiyo alikwenda kisomo cha watu wazima kwenye ghala la pamba. Mwalimu wao, Bi Zamoyoni, mama wa Kiislamu kutoka Shinyanga mjini, hakuwa na simile.

"Visawe msiviamini mpaka mvipime," alisema. "Toa neno, weka mwenzake palepale. Sentensi ikikaa, sawa. Ikichechemea, hayo si ndugu. Haya, Maduhu: mzee amefariki."

"Mzee amekufa," akajibu Maduhu.

"Mbuzi amekufa."

"Mbuzi amefariki."

Ghala zima likaangua kicheko. "Pole kwa msiba, Maduhu!" mmoja akapayuka. "Mnazika saa ngapi?"

Justa hakucheka. Alikuwa anapima maneno yake mengine, kimoyomoyo.

Siku ikafika. Wakamnyoa, wazee wakaketi uani. Kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu ya Donatus, balozi wa nyumba kumi. Yeye alikuwa Mzinza, na Kisukuma chake kilikuwa cha kuokoteza. Mzee Makoye, baba mkubwa wa marehemu, alianza kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, ukoo umeona utunzwe na Masele. Unasemaje?"

Justa alikuwa amepiga magoti. "Baba, nikitunzwa, nitalala wapi?"

"Nyumbani kwako. Masele atakuwa anakuja."

"Kuja kulala?"

Wazee wakakohoa.

"Basi hiyo siyo kutunza, baba. Hiyo inaitwa kurithi."

"Ni lilelile, mayu. Tumelisema kwa heshima tu."

"Kama ni lilelile, Masele aliseme. Atoe kutunza, aweke kurithi. Mbele ya Limi."

Limi, mke wa Masele, alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, ananyonyesha. Habari za kutunza alikuwa amezisikia tangu mazishi na hakuwa ametia neno. Sasa akainua kichwa.

"Sema, baba Esta," akamwambia mumewe. "Na mimi nisikie."

Masele alifungua mdomo, akamtazama mkewe, akaishia kutazama vidole vyake vya miguu. "Mimi nilisema nitamtunza," akanong'ona. "Hayo ya kurithi mlisema ninyi wazee."

"Unatuaibisha!" Makoye akamfokea Masele.

Donatus akaingilia. "Mzee, mjane huwa anaulizwa. Tumemuuliza. Mama, jibu."

"Kutunzwa na shemeji yangu nakubali," Justa akasema. "Kurithiwa sitaki."

Pale uani hakuna aliyecheka. Makoye hakumfukuza, balozi alikuwa anamtazama. Lakini alikuwa mzee anayejua kuadhibu bila kupandisha sauti.

"Vizuri. Nyumba kaa. Shamba lima, watoto ni wa ukoo. Ila ng'ombe wa plau nao ni wa ukoo, watakwenda kwa Masele."

"Wabeja, baba," Justa akashukuru, bado yuko magotini.

Mvua zilipoanza, alilima kwa jembe la mkono. Binti yake mkubwa aliacha shule akamsaidie. Sehemu kubwa ya shamba ikabaki pori mwaka ule. Mzee Makoye akipita njiani alimsalimia vizuri tu, akamuuliza habari za watoto, akaenda zake. Masele alikuwa analima kule kwake na wale ng'ombe, na njia ya kwa shemeji yake akaiacha kabisa. Msimu ukapita, na mwingine. Neno kutunza hakuna aliyelitamka tena katika ukoo ule, hata kwa heshima.