Mbolea ya Choo na Chakula cha Mwethya

Upande wetu huu wa Kanyangi, ukichimba choo unakutana na mwamba kabla shimo halijafika kiunoni. Choo chetu cha zamani kilikuwa kifupi, kimejaa na kimeinama, na mvua kubwa ikinyesha kilitapika uani. Mume wangu, ambaye kazi yake iko kwenye mji mmoja wa barabara ya Mombasa, alitaka kuita mafundi wa kupasua mawe. Mimi nikamwambia tujenge choo cha juu kama kile cha mama yangu kwetu Kalamba, huko Makueni. Ni vyumba viwili vya matofali vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na unapanda ngazi kuingia. Ukimaliza unamwaga jivu na majani makavu, na mkojo unapita kwenye bomba lake hadi mtungini nje. Chumba kimoja kikijaa unakifunga na kuhamia cha pili. Mwaka mzima ukipita unafungua mlango wa nyuma na kutoa mbolea nyeusi, nyepesi, isiyo na harufu, ambayo mgeni hawezi kujua ilikuwa nini.

Mama mkwe wangu alijua ilikuwa nini. Tunaishi naye boma moja, nyumba yake ikitazamana na yangu, na siku nilipotoa mbolea ile kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni akanitazama nikipita na toroli.

"Hiyo unapeleka wapi?"

"Shambani, Mwaitu." Mwaitu ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, na yeye nimemwita hivyo tangu niolewe.

"Shamba ya mahindi ya watu kukula?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Huko kwenu Makueni mnakula mavi?"

Nilisukuma toroli nikapita, na kwa tabia yangu hilo si jambo dogo. Jioni hiyo alitoa sufuria yake, akawasha moto wake, na tangu siku hiyo akawa anajipikia. Kunde alinunua sokoni ilhali zangu zilikuwa zinafurika hatua chache kutoka mlangoni kwake. Watoto wangu walikula kwake na kwangu bila wasiwasi, lakini yeye hakuonja hata jani. Iliniuma sana. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu hakunitaka tangu mwanzo, na kwamba choo kilimpa tu sababu ya kusema hivyo bila kufungua mdomo.

Nikajifariji kwa kazi. Maganda ya viazi, makapi ya maharagwe, majani ya chai na manyoya ya kuku vyote viliingia kwenye lundo langu nyuma ya jiko, tabaka juu ya tabaka, pamoja na jivu na samadi. Mkojo wa mtungini niliuchanganya na maji mengi na kumwagia mahindi yakiwa machanga. Ugumu ulikuwa kwenye kutandaza. Watu wa kilimo wanapenda kusema tufunike udongo na mabua ili unyevu usitoroke, kana kwamba wao hawana mbuzi. Nikitandaza mabua asubuhi, jioni mbuzi wameyala, na waliyoyaacha yanaliwa na mchwa. Mwishowe nikawa nafunika kwa nyasi ngumu ambazo hata mbuzi wetu wanazidharau, na juu yake naweka matawi ya miiba. Halikuwa shamba la kupigwa picha, lakini ukifunua nyasi zile mwezi wa jua kali unakuta udongo ungali baridi.

Halafu nyanya zikaota. Mbolea ya choo nilifundishwa kuipeleka kwenye mahindi na mapapai, wala sikupanda nyanya hata moja. Zilijiotea zenyewe katikati ya mahindi, nyingi, zenye afya, na mtu yeyote anayekula nyanya na kwenda choo anajua mbegu zile zilipitia wapi.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Mimi niko kwenye mwethya, kundi la wanawake wanaozungukiana mashambani: leo tunachimba kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, na mwenye shamba anapika. Wengi wetu tunasali kanisa moja. Mwenyekiti wetu alipita kwangu, akaziona nyanya, akauliza nilinunua wapi mbegu nzuri namna hiyo. Mtu mwenye busara angesema sokoni. Mimi nilimpeleka hadi kwenye choo, nikamfungulia mlango wa nyuma, nikamweleza kila kitu. Nilikuwa najivunia kazi yangu, basi. Akasema, "Ai," akashika njia, na kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa linanitazama mikono.

Zamu yangu ya mwethya ilikuwa imekaribia. Mvua ya msimu uliopita ilikuwa imebomoa matuta yangu ya juu, na vuli haikuwa mbali. Matuta yasiporudishwa, maji yangeteremka na kusomba udongo wote mpaka mtoni, udongo ule niliokuwa nimeutengeneza kwa miaka, ndoo kwa ndoo. Peke yangu nisingeweza kuyachimba. Na katika mwethya wetu chakula si kitu cha ziada. Mwanamke akichimba kwako kisha akakataa kula kwako, amekuambia kwamba hatarudi, na wewe usijisumbue kwenda kwake.

Ningeweza kununua mahindi, maharagwe na kabichi sokoni, nikanyamaza. Niliwaza hivyo usiku mmoja tu, kisha kiburi kikanishinda. Nilipika isyo, mahindi na maharagwe ya shamba langu, nikaunga na nyanya zile zile.

Walikuja. Hilo nawashukuru. Walichimba tangu asubuhi bila nyimbo, wakarudisha tuta moja na nusu ya la pili, na jua lilipopanda wakakaa kivulini kando ya jiko. Niliwanawisha mikono mmoja mmoja. Nikapakua. Mwenyekiti akaomba, maombi marefu, akashukuru kwa ajili ya chakula na mikono iliyokiandaa, wote wakasema amina. Kisha hakuna aliyegusa sahani.

Mmoja akasema tumbo linamsumbua. Mwingine akasema amefunga. Mwenyekiti akasema polepole, bila ubaya, "Dada, usikasirike. Sisi tunakupenda. Lakini hii kitu imetoka choo, haiwezi kupita kwa koo." Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Nilitaka kuwatukana na nilitaka kulia, vyote pamoja, na nadhani ningeanza na matusi.

Mlango wa mama mkwe ukafunguka. Alikuja akiburuta kigoda chake, akakiweka katikati ya wale wanawake, akakaa. Akaninyooshea mkono.

"Nipee."

Nilidhani anataka mwiko. Akaashiria sufuria. Nikampakulia kidogo, akanitazama mpaka nikaongeza. Akala. Alikula bila haraka, akitafuna kila punje kwa meno machache aliyobaki nayo, akazila nyanya, akafuta mchuzi kwa kidole. Watu wote walikuwa wakimwangalia. Alipomaliza akaweka sahani chini.

"Mimi nimekula," akasema. "Yule hataki kukula hapa, aniachie jembe yake. Nitaenda kumaliza hiyo tuta mimi mwenyewe."

Yeye hutembea kwa kujishika ukutani. Hakuna mwanamke wa kanisa letu ambaye angekubali kusimuliwa kwamba alimwachia bibi yule jembe. Aliyesema amefunga ndiye aliyeanza kula. Wengine wakafuata, kwanza kwa kuchagua mahindi na kuacha nyanya, halafu mmoja akasema isyo imeiva vizuri, na kicheko kikatoka, na baadaye niliulizwa kama kuna nyingine. Tuta la pili lilimalizika na wakaanza la tatu. Walipoondoka waliniambia nisichelewe wiki itakayofuata, kwa sababu shamba la mwenyekiti lina mawe.

Nilifurahi hadi nikachanganyikiwa. Jioni nilichuma nyanya nzuri kuliko zote, nikajaza sinia, nikampelekea mama mkwe kwa mikono miwili. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akisukutua kinywa kwa maji ya jivu na kutema, akisukutua tena.

Akaona sinia.

"Rudisha."

"Lakini leo ulikula, Mwaitu."

"Nilikula leo. Usifikiri mimi nimekuwa mtu wa kukula choo." Akatema. "Tumbo inanizunguka mpaka sasa."

"Sasa ulikula kwa nini?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Wakuache na sufuria imejaa, kwa boma yangu, na mimi nimekaa kwa nyumba naangalia? Wewe ni mtu wa hapa."

Nilirudi na sinia yangu. Niliketi jikoni nikalia, na sikulia kwa uchungu. Miaka yote ile nilikuwa nimehesabu kila sufuria aliyojipikia kuwa ni mimi anayenikataa. Kumbe alichokataa ni mboga tu.

Mpaka leo anajipikia. Nimemtengea mistari ya kunde karibu na mlango wake, isiyo na kitu ila samadi ya mbuzi, na nimemwapia hivyo mbele ya watoto. Huja kuchuma mwenyewe, akijishika ukutani. Kabla hajachuma huinama, akachota udongo kiganjani na kuunusa, na mimi hukasirika kila mara.